Hodi ya Tatu

Jumatano ile mashine ya Baba Bupe ilipiga hodi mara tatu, na mimi nilikuwepo.

Nianze na hilo kabla sijaanza kujipamba. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, hatua nne kutoka kwenye kompyuta yangu, beseni la viazi miguuni na kisu mkononi. Hodi ya kwanza ililia saa nne kamili asubuhi. Ya pili saa nne na dakika tano. Ya tatu saa nne na dakika kumi. Kila ilipolia nilichukua kiazi kingine nikakimenya kwa ustadi, ganda jembamba lisilokatika, utadhani nafanyiwa mtihani. Kisha mashine ikanyamaza, nami nikajisikia vizuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote ninapolikumbuka. Kwa muda wa kama robo saa nilijisikia vizuri kabisa.

Mimi ni Otilia Mgaya, mwalimu mstaafu wa kompyuta. Nilishika chaki miaka thelathini na miwili, na ninaishi pembezoni mwa mji wa Njombe, huku ambako ukungu hauna haraka ya kuondoka. Siku hizi kila mtu ana Msaidizi sikioni, kompyuta ndogo ya kumsemea, nami ninaye. Ukinitumia salamu asubuhi, Msaidizi wangu ameshakujibu kabla sijaamka, kwa sauti yangu na kwa vijembe vyangu. Anajua ningesema nini. Mara nyingi husema vizuri kuliko mimi, na ndiyo shida yenyewe, maana watu wanachumbiana, wanatongozana na kupatana, na hakuna anayejua ni nani hasa aliyefungua kinywa.

Kompyuta yangu ya zamani haina kumbukumbu ya kumtosha Msaidizi hata unyayo wake. Ina kibodi, skrini nene kama kabati, na modemu inayolia kama paka aliyekanyagwa mkia. Kinachoandikwa hapo kimeandikwa na vidole vya mtu. Ndiyo maana laini chache za kale zimeachwa zifanye kazi, moja kwa kila tarafa, kwa wenye mashine za zamani ambazo bado zinawaka. Katika tarafa yetu mwenye laini nilikuwa mimi, na sikuacha mtu asahau.

Miezi saba iliyopita jirani yangu, Mzee Anyitike Sanga, alikuja nyumbani akisukuma toroli. Ndani yake kulikuwa na kompyuta iliyolingana na yangu kama pacha, ameipata kwenye mnada wa vitu vya misheni. Ni mgane, mtu mzima wa miaka sabini, goti lake la kushoto bovu. Wote tunamwita Baba Bupe kwa jina la binti yake wa pekee, fundi wa vyombo vya anga huko bandari ya kurushia.

"Mwalimu," alisema, "naomba unigawie laini. Nataka kumwandikia mtoto kwa mkono wangu."

Sikuhitaji kuuliza kwa nini. Mtaa mzima ulisikia siku ya msiba wa mkewe, miaka mitatu nyuma, Bupe aliposema kwamba amechaguliwa kwenda safari ya mbali. Baba yake alisimama mbele ya waombolezaji akamwambia, "Ukienda huko angani, usirudi kunizika." Tangu siku ile Wasaidizi wao wawili walikuwa wakisalimiana kila Jumapili kwa upendo mwingi.

Tulivuta waya kupitia ua wa michongoma, tukauvisha mpira wa kumwagilia bustani ili fuko wasiutafune. Kuunganisha mashine mbili kwenye laini moja si kazi ngumu. Ugumu ni zamu. Laini ya kale ni kama bomba moja la maji, akifungua mmoja mwingine asubiri. Basi nikatunga programu ndogo. Kabla mashine yake haijaingia kwenye laini, inatuma kwangu neno HODI, na yangu inalia. Nikibonyeza kitufe, neno KARIBU linarudi kwake na njia inafunguka. Nisipobonyeza, inabisha tena baada ya dakika tano, kisha mara ya tatu. Baada ya hapo skrini yake inaandika HAKUNA MTU, na haibishi tena mpaka kesho yake. Nani asiyejua kwamba hodi ya tatu isipojibiwa mgeni hugeuza? Niliona fahari kuifundisha mashine adabu ya kwetu.

Ningeweza kuiagiza ijikaribishe yenyewe. Ni mistari miwili tu ya programu. Sikutaka. "Mwenye nyumba ndiye hukaribisha," nilimwambia, naye akaitikia, "Sawa, Mwalimu."

*

Barua zake zote zilipita kwangu. Mashine hizi hazijui siri, kila herufi inayopita inajiandika kwenye skrini ya mwenye laini, polepole, mstari baada ya mstari. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba nikishabonyeza KARIBU nitafunika skrini kwa kitenge na kutoka nje. Miezi saba nilifanya hivyo. Naapa nilifanya.

Jumanne, siku moja kabla ya viazi, Baba Bupe aliniita kutoka upande wa pili wa ua, akanisalimu kikwetu.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, Baba Bupe."

"Kesho saa nne asubuhi nitapiga hodi. Naomba sana usitoke."

"Nitoke niende wapi na baridi hii? Kuna nini?"

"Kuna jambo," alisema, na hakuongeza. Si mtu wa maneno.

Baada ya chakula cha mchana akapiga hodi kutuma barua. Nikaiacha ibishe mara mbili, kama kawaida yangu, kisha nikamkaribisha na kuchukua kitenge. Nilikuwa nakitandaza juu ya skrini nilipoona neno Mwalimu. Mkono ukasimama wenyewe.

"Bupe mwanangu," skrini iliandika, "laini hii nagawiwa na Mwalimu Otilia wa hapa jirani. Ni mtu wa kujisikia sana. Nikipiga hodi huniacha nibishe mara mbili ndipo anikaribishe hata kama amekaa hapo hapo. Nadhani anapenda kusikia mtu akibisha mlangoni kwake."

Nikafunika. Nikatoka nje nikazunguka bustani yangu ya kabichi mara kadhaa. Shukrani ya punda ni mateke, nilisema kwa sauti, na Msaidizi sikioni akanikubalia kwamba watu wengi huumizwa na wale waliowasaidia. Kilichoniwasha si kwamba mzee alinisingizia. Kama angenisingizia ningecheka. Ilikuwa kweli, na mimi niliamini hakuna aliyeona.

Nilisoma kiasi cha kukasirika, sikusoma kiasi cha kuelewa. Jumatano asubuhi nikateka maji ya kuoshea viazi, nikakaa kwenye kigoda.

*

Saa nne na dakika arobaini hodi ililia tena, safari hii mlangoni, kwa sauti ya mtu. Kutoka kwake hadi kwangu, kwa kuzunguka barabarani, ni mwendo wa dakika kumi. Kwa goti lile ni zaidi ya ishirini. Nilipofungua alikuwa ameshika mwimo wa mlango, jasho linamtoka kwenye baridi ile.

"Mashine imeniambia hakuna mtu," alisema.

"Nilikuwa bondeni, Baba Bupe. Nimerudi sasa hivi."

Nilisema hivyo. Mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mzee wa kanisa, nimewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo. Aliniangalia, kisha akaangalia nyuma yangu, ndani, kwa muda.

"Laini ilikuwa na shida?" aliuliza.

"Huenda. Siku za ukungu huwa inasumbua. Ingia basi, ujaribu kutoka hapa."

"Hapana. Saa imeshapita." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Asante, Mwalimu."

Akageuka. Nilimtazama mpaka alipokata kona, akivuta ule mguu. Nikajiambia atajaribu kesho, kwani kuna nini cha kufa mtu.

*

Alhamisi nikawasha mashine kuwaandikia wanafunzi wangu wa zamani. Kwenye kisanduku cha barua za jirani, zile zinazosubiri abishe ndipo zivuke ua, kulikuwa na mistari sita. Yote ya jana, kati ya saa nne na saa nne na nusu.

"Baba nipo. Fundi Kondo wa chumba cha makumbusho hapa bandarini amenipa mashine nusu saa."

"Baba upo?"

"Usiandike kirefu. Neno moja linatosha."

"Msaidizi wako ameshanipa radhi mara kumi na moja, kila mara kwa maneno matamu kuliko yako. Ndiyo maana siyaamini."

"Zimebaki dakika tano."

"Haya Baba. Nimeelewa."

Nikakaa chini. Sakafuni, si kwenye kiti. Nikalisoma tena lile "nimeelewa". Kisha nikafanya nililopaswa kufanya kama ningekuwa mdaku kamili, nikafungua nakala ya barua ya Jumanne nikasoma sehemu ambayo hasira ilininyima. Baada ya yale ya kujisikia kwangu, Baba Bupe aliendelea: "Lakini namshukuru kwa sababu bila yeye nisingekupata. Unaondoka kesho jioni. Saa nne asubuhi kaa kwenye mashine nami nitakaa kwenye yangu. Lile neno nililolisema kwenye msiba wa mama yako nitaliondoa kwa vidole vyangu mwenyewe ukiona."

Safari ya Bupe ni miaka tisa kwenda tu. Baba yake ana sabini.

Chini ya mistari ile kulikuwa na ujumbe mwingine, ulioandikiwa mwenye laini, yaani mimi. Fundi Kondo aliandika kwamba chombo kimeondoka, kwamba redio yao ya zamani itaendelea kukifikia mpaka Jumamosi adhuhuri, na kwamba baada ya hapo kitakuwa mbali na kitasikia Wasaidizi tu. "Kama mzee ana neno, alilete. Binti aliondoka hapa hasemi na mtu."

Hapa ndipo shetani wangu alipokuja, na alikuja amevaa nguo safi. Njia ilikuwa wazi mbele yangu. Laini yangu, mashine yangu. Kule hakuna ajuaye vidole vya nani vinaandika upande huu. Nikaandika bila mkato hata mmoja, kama anavyoandika yeye: "Bupe mwanangu nimeliondoa lile neno. Nakupa radhi zangu zote. Nenda. Baba." Ilinichukua dakika moja. Bupe angepata radhi leo hii, mzee asingejua kilichomtokea, na mimi ningebaki Mwalimu Otilia. Kila mtu angepona. Nilikuwa na kidole juu ya kitufe.

Nina tabia ya kusoma kwa sauti ninachoandika. Msaidizi akasema sikioni, kwa upole wake ule, "Ni maneno mazuri sana, Mwalimu. Ningeshauri uongeze jina la mama yake. Litamgusa zaidi."

Nikamvua sikioni nikamtia kwenye kopo la chumvi, nikafunga mfuniko. Ushauri ulikuwa mzuri. Ungemgusa Bupe kweli. Ingekuwa radhi ya kumi na mbili.

Nikafuta herufi moja moja, kuanzia Baba kurudi nyuma mpaka Bupe. Kisha nikavaa sweta.

*

Sikupita kwenye ua kumwita. Nilizunguka barabarani, njia aliyoipita yeye, na nilijilazimisha kwenda polepole. Kwenye kopo la chumvi nilikuwa nimeacha msamaha ulioandaliwa vizuri, najua, maana Msaidizi hakosi. Nilikuwa na kinywa changu kikavu tu.

Nilipiga hodi. Akasema karibu papo hapo. Alikuwa ameketi mbele ya mashine iliyozimwa, ameweka mikono magotini.

"Shikamoo, Baba Bupe."

Miaka yote ya ujirani sijawahi kumwamkia hivyo. Nilikuwa najiona mwalimu. Akainua kichwa.

"Marahaba," alisema taratibu.

"Jana nilikuwepo. Hodi zote tatu nilizisikia. Sikwenda bondeni."

"Najua."

Nikasogea hatua moja ndani.

"Niliona maganda ya viazi," alisema. "Yalikuwa bado mabichi. Nisichojua ni kwa nini. Usiku kucha najiuliza nimemkosea nini huyu mama."

Kama angenitukana ingekuwa nafuu. Nikamwambia kuhusu kitenge, kuhusu neno lililonisimamisha mkono, kuhusu kabichi. Nikamwambia na ile barua niliyoiandika kwa jina lake asubuhi ile na kuifuta. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto, na sikuinama, maana hata kuinama niliona ni kujihurumia.

"Kwa hiyo ulisoma juu, ukaacha chini," alisema.

"Ndiyo."

"Ungesoma yote, Mwalimu. Kama umeamua kuiba, si ungeiba yote."

"Ndiyo, Baba Bupe."

"Na mtoto alisema nini?"

Nikamwambia mistari sita, neno kwa neno. Nilipofika kwenye lile "nimeelewa", alifumba macho, na mkono wake ukaanza kupapasa goti lile bovu kama unatafuta kitu. Sijawahi kutamani kuwa mtu mwingine kama nilivyotamani pale.

"Redio yao inafika mpaka Jumamosi," nilisema. "Kuna muda. Washa mashine. Mimi narudi kubonyeza."

"Utakuwepo?" aliuliza.

Hakuwa na kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu, kwa kanga na sweta, watu wanatoka madukani kutazama ni nini kimeungua. Hodi ililia nikiwa bado mlangoni na nikabonyeza kabla haijaisha. Nikafunika skrini kwa kitenge, na juu ya kitenge nikaweka blanketi, nikatoka nje nikakaa kwenye ukungu huku meno yanagongana. Barua ile ilichukua karibu saa nzima kupita. Mzee huyu anaandika kwa kidole kimoja.

Jioni Fundi Kondo akanijibu mimi mwenye laini, maneno mawili: "Imepokelewa. Imerushwa."

*

Ijumaa nilimpelekea modemu ndani ya beseni lile lile la viazi. Nilimwomba anikubalie kuihamishia laini kwake. Hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Weka pale." Nikageuza programu, nikabadilisha waya, nikamwonyesha kitufe.

"Kwa hiyo sasa nabonyeza mimi," alisema.

"Ndiyo. Ukitaka, naweza kuiagiza ijikaribishe yenyewe. Ni mistari miwili tu."

Alifikiri. "Iache," alisema.

Sijui kama Bupe alijibu. Zamani ningejua kabla ya baba yake, sasa barua zake hazipiti kwangu, na sina uso wa kumwuliza. Jumamosi ile, muda mfupi kabla ya adhuhuri, nilikuwa bustanini nikasikia kiti kikiburutwa haraka kule kwake, halafu kimya kirefu sana. Nikaingia ndani nikafunga mlango, kwa sababu hata masikio ni ya kufunika.

Tangu hapo kila asubuhi saa nne nawasha mashine na kubisha. Mara ya kwanza, dakika tano, mara ya pili, dakika tano, mara ya tatu. HAKUNA MTU, skrini inaniambia, huku naona moshi wa jiko lake na kumsikia akikohoa. Ningeweza kuibadilisha programu ibishe mara mia. Sijaigusa. Nazima, naenda kwenye kabichi zangu. Hivyo siku tisa.

Leo ni ya kumi. Hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Nilishasimama kutafuta jembe, hodi ya tatu ilipokwenda, na skrini ikaandika, polepole, kwa mwendo wa kidole kimoja:

NANI?

Programu yangu haina neno hilo. Niliifundisha HODI, KARIBU na HAKUNA MTU, basi. Hili alilibonyeza mwenyewe, herufi kwa herufi, na alama yake.

Nikaketi. Msaidizi yuko kwenye chumvi mpaka leo, hakuna wa kunishauri. Nikaweka vidole kwenye kibodi, vikawa vizito kama vya mtoto siku ya kwanza ya darasa.

"Ni Otilia," niliandika. Neno Mwalimu nikaliacha. "Yule aliyekuwepo."